Fundi Sikio na Gurudumu la Kushoto

Kila mwenye gari bovu pale mtaani alimjua Fundi Sikio. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na wateja, likamganda mpaka hata kibao cha gereji kikaandikwa hivyo kwa rangi nyekundu. Mafundi wengine walifungua boneti kwanza, wakakuna vichwa, wakauliza maswali. Yeye alisema tu, "Funga vioo, zima redio, na wewe mwenye gari nyamaza kidogo." Kisha aliendesha mpaka mwisho wa barabara, akarudi na jibu. Huu ni mkanda wa jenereta. Hii ni egzosti imelegea. "Na hiki si ugonjwa wa gari, bwana, ni kiti chako kinalia. Punguza kula." Watu walicheka, naye akacheka nao. Moyoni alijua kwamba angenyang'anywa spana, jeki na hata mabati ya paa, akaachiwa lile sikio peke yake, asingelala njaa.

Mambo yalianza kuharibika alipokuja Mrefu.

Mrefu alikuwa fundi pia, wa umri kama wake, aliyekodi nusu ya uwanja wa gereji. Ili achungulie chini ya gari ilimbidi ajikunje kama ngazi. Alikuwa mcheshi, alipiga mluzi akifanya kazi, na kucha zake zilikuwa nyeupe kwa namna iliyomkera Sikio. Fundi gani ana kucha nyeupe? Tena alikuwa na tabia ya kumganda mtu. Akitaka kusema neno, hata la kuazima spana tu, alizunguka gari zima mpaka afike mkono wa kulia wa Sikio, akainama, akasema kwa karibu.

"Ananipeleleza," Sikio alimlalamikia dada wa duka la spea lililokuwa getini. "Anataka kuniibia ufundi."

"Ufundi hauibiwi, kaka," dada alijibu huku akipanga filta. "Labda anakupenda tu."

"Kupenda nini! Mtu anakuja kunipumulia shingoni!"

Hayo angeyavumilia. Lakini mchana mmoja aliinua kichwa kutoka kwenye injini aliyokuwa akiifunga, akaona gari dogo jeupe limesimama getini, na kando yake watu wawili wamechuchumaa karibu na gurudumu la mbele, upande wa kushoto. Mmoja alikuwa Mrefu. Wa pili alikuwa mke wa Sikio. Na mkewe alikuwa anacheka. Hakuwa akitabasamu kwa adabu kama mtu anavyomfanyia fundi wa watu. Alicheka mpaka akashika bampa asianguke.

Sikio alisimama na spana mkononi. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho kicheko kile kilitolewa kwa ajili yake.

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, na gari lile ndilo lililobeba mafurushi yake kutoka nyumbani kwenda madukani. Sikio ndiye aliyelifufua. Alilikuta kwenye nyasi nyuma ya ghala, limekuwa kiota cha kuku, akalifanyia kazi jioni baada ya jioni, akamkabidhi mkewe ufunguo akiwa ameufunga utepe aliouokota chini ya cherehani ya mkewe huyo huyo. Hakuna mkono mwingine uliowahi kuligusa. Leo limeletwa hapa hapa mbele ya macho yake, na aliyeitwa kuliangalia ni Mrefu.

Alifuta mikono, akaenda.

"Kuna nini?"

Mrefu alinyanyuka, akamzunguka, akasimama mkono wake wa kulia. "Shemeji anasema gari linavuma. Linaanza taratibu, ukiongeza mwendo nalo linaongeza. Mimi nahisi ni beringi ya gurudumu hili."

"Sikukuuliza wewe." Sikio alimgeukia mkewe. "Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nilikuambia, baba watoto."

"Lini?"

"Tukienda kwa dada yako. Tukirudi nikakuambia tena. Hata jana mezani nilikuambia. Hukunijibu."

"Hukuniambia."

Mkewe alimtazama kidogo, kisha akatazama mikono yake. "Basi sikukuambia," alisema. Uchangamfu wa dakika moja iliyopita ulikuwa umemtoka wote.

Sikio hakuamini. Alijijua. Mtu anayesikia nati ikilegea ndani ya gari linalopita barabarani hawezi kukosa kusikia maneno ya mkewe mezani. Kwa hiyo mkewe anamdanganya. Na mwanamke anapoanza kumdanganya mumewe mbele ya mwanamume mwingine, basi kuna jambo.

Akiwa na jambo hilo kichwani, kila kitu kilianza kuleta ushahidi wenyewe. Nyumbani kwao zamani hapakuwa na ukimya. Mkewe alikuwa msemaji, mtu wa kusimulia sokoni alikutana na nani na nani kanenepa. Sasa walikula kama abiria wasiojuana, yeye Sikio mahali pake pa siku zote, bega la kulia likigusa ukuta, mkewe upande wa pili wa kona ya meza. Garini vilevile. Yeye kwenye usukani, mkewe kushoto kwake ameelekeza uso dirishani, kimya. Alidhani ni uchovu wa kazi. Kumbe maneno yalikuwa hayajaisha, yalikuwa yamepata mahali pengine pa kwenda!

Halafu ovaroli. Mrefu alikuwa amevaa ovaroli yenye mfuko mpya kifuani, na mfuko ule ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa rangi ya samawati ambao Sikio aliufahamu vizuri, maana aliuona kila siku kwenye cherehani ya mkewe.

"Huu mfuko kakushonea nani?" aliuliza, akijitahidi sauti yake iwe ya mtu anayeuliza saa.

"Shemeji," Mrefu alisema bila wasiwasi. "Ana mkono huyo! Angalia pindo."

"Ni mteja kama wateja wengine," mkewe alisema haraka.

Ni ile haraka yake iliyomchoma Sikio.

"Lete ufunguo," Sikio alisema.

Alifunga vioo. Alikwenda mpaka mwisho wa barabara, akarudi. Mvumo ulikuwepo kweli, kama wa mtu anayeguna kwa midomo iliyofumbwa, ukipanda na mwendo, ukishuka na mwendo. Hakuhitaji muda. Ulitoka kulia, mbele, chini ya miguu yake mwenyewe. Wakati wa ujana wake alikuwa akihakikisha kwa kukata kona: ukikata kulia uzito wa gari huegemea kushoto, na beringi ya kushoto ikiwa mbovu huzidisha kelele, ukikata kushoto, ya kulia ndiyo hulalamika. Lakini siku hiyo hakukata kona yoyote. Akili yake ilikuwa getini, alikowaacha wawili wale wamesimama.

"Beringi ya kulia," alitangaza aliposhuka.

"Kulia?" Mrefu alikunja uso. "Mimi niliposogea nalo kidogo niliona kama ni kushoto. Ngoja tulipige jeki. Tuzungushe gurudumu, mtu ashike springi kwa kiganja. Beringi iliyokufa utaihisi inakwaruza mpaka kwenye springi. Ni dakika moja tu, Sikio."

Ushauri huo ulikuwa mzuri. Sikio mwenyewe angempa mtu yeyote ushauri huo huo. Ungetoka kwa dada wa spea, au kwa mpita njia, angeufuata. Lakini ulitoka kwenye kinywa kilichokuwa kikimchekesha mkewe.

"Wewe endelea kushikashika," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Mimi nasikia. Nikikosea, jina la Sikio lichukue wewe, upake na kibao rangi upya."

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri kwenye benchi walipiga makofi. Dada wa spea alitoa kichwa dirishani. "Nimesikia hiyo!" alisema. "Mimi ni shahidi!"

Mkewe alichukua furushi lake la sare, akasema atalirudia gari jioni, akaondoka kwa miguu.

Kazi ilimwendea vibaya tangu mwanzo. Gari lilikuwa la zamani, la aina ambayo beringi zake hutolewa kwa kugongwa taratibu na nyundo na kipande cha chuma, na kugonga taratibu ndiko hasa alikokuwa hawezi siku ile. Kila alipoinua nyundo aliona kicheko kile kwenye bampa. Pigo moja likakosa chuma, likatua kwenye kidole gumba cha mkono wa kushoto. Aliuma meno asipige kelele, kwa sababu Mrefu alikuwa upande wa pili wa uwanja anapiga mluzi. Au alidhani anapiga mluzi. Aliona midomo tu.

Mwishowe beringi ikatoka. Aliifuta grisi, akaiweka kwenye ncha za vidole, akaizungusha.

Ikazunguka kimya, laini, kama kitu kilichopakwa sabuni. Haikukwaruza, haikucheza, haikuwa na alama hata moja.

Kila fundi anajua maana yake. Beringi ile ilikuwa nzima. Sikio aliitazama muda mrefu, jasho likimtiririka puani. Angeweza kusimama wakati ule na kusema, jamani nimekosea, tufungue upande wa pili. Yangekuwa maneno machache, kicheko kidogo, basi. Lakini mbele ya nani? Alitazama huku, akatazama huku, akaidumbukiza beringi nzima kwenye mfuko wa ovaroli yake. Akafunga mpya, akarudisha gurudumu, akakaza nati.

"Ilikuwa mbovu?" Mrefu aliuliza, akiwa ameshazunguka na kufika mkono wake wa kulia.

"Imeoza," Sikio alisema.

Mrefu alimtazama, akatazama mfuko uliovimba, akarudi kwenye kazi yake bila kusema lolote. Na kwa hilo pia Sikio alimchukia.

Mkewe alirudi jua likiwa bado juu ya mabati. Kidole gumba cha Sikio kilikuwa kimefura kama kitunguu, hakikuweza hata kushika mlango, seuze usukani.

"Endesha wewe," alisema.

Lilikuwa jambo geni kwao. Walipokuwa pamoja alizoea kuendesha yeye. Akaingia upande wa abiria, kushoto, furushi la sare likiwa kiti cha nyuma, mkewe akakaa kwenye usukani, kulia kwake. Walipita duka la spea, dada akawapungia. Walipita kiwanda cha matofali. Barabara ikanyooka, mkewe akaongeza mwendo, na mvumo ukaanza.

Ulikuwa ule ule. Lakini Sikio alishangazwa zaidi na kitu kingine. Mkewe alikuwa anasema. Hakuwa anasema kwa nguvu. Alikuwa anasema kama mtu anavyojisemea akipiga pasi, macho barabarani, bila kungoja jibu.

"...na lile duka la pili wanataka sketi za bluu, nikawaambia kitambaa kimepanda. Na yule mtoto wa jirani kaota meno mawili..."

"Yupi? Yule wa kichwa kikubwa?" Sikio aliuliza.

Gari likayumba.

"Umenisikia?"

"Kwa nini nisikusikie? Upo hapa."

"Kila siku nipo hapo," mkewe alisema. "Mwaka huu wote nipo hapo, baba watoto. Nasema mpaka nachoka. Nikaona basi, huyu hanitaki tena hata kwa maneno, ninyamaze."

Wakati huo wakafika kwenye kona kubwa ya kulia, na mkewe akaikata bila kupunguza mwendo sana. Mvumo ukageuka ngurumo. Nyayo za Sikio zikahisi sakafu inatetemeka chini yake, upande wake, kushoto. Lakini sikio lake lilimwambia kelele inatoka kulia, kwa mkewe. Miguu ilisema hivi, sikio lilisema vile. Maisha yake yote vitu hivyo viwili havikuwahi kubishana.

Kona ile ile ikaliangusha furushi la sare kutoka kwenye kiti cha nyuma. Sikio akajipinda mzima, akageuza uso nyuma na kukipa kioo cha mbele kisogo, ili alidake. Na alipojipinda, kelele ikahama. Mwanzo ilikuwa kulia, upande wa mkewe. Sasa ilikuwa kwenye mlango wa kushoto.

Akageuka akakaa sawa. Kelele ikarudi kulia. Akajipinda tena. Ikahamia kushoto.

"Unatafuta nini huko nyuma?" mkewe aliuliza. "Furushi si umeshalishika?"

Gari haliwezi kuhamisha beringi mbovu kutoka gurudumu moja kwenda jingine kwa sababu fundi kageuza shingo. Kilichohama kilikuwa kichwa chake. Kelele ilifuata sikio la kulia popote lilipokwenda. Akainua mkono taratibu, akaziba sikio lile kwa kidole.

Dunia ikazimika. Aliona midomo ya mkewe ikifunguka na kufumba, akaona nyusi zake zikiuliza, na hakupata hata herufi.

"Simama," alisema. "Simama pembeni."

Mkewe aliegesha karibu na ukuta wa shule. Sikio alitoa kidole sikioni, akamweleza yote kwa vipandevipande. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa, hakujua tangu lini, labda kwa zile nyundo, labda kwa nini, lilikwenda polepole kama tairi linalovuja, na yeye fundi wa kusikia hakusikia likienda. Mkewe aliweka mkono mdomoni.

"Mezani mimi hukaa kushoto kwako," alisema.

"Na garini."

"Na kitandani." Akaanza kucheka, machozi yakimtoka. "Mungu wangu. Nimekununia mwaka mzima, nikimnunia kiziwi!"

"Na mimi nilidhani umepata mwenye masikio."

Alipokwisha kusema alitamani ayarudishe. Mkewe aliacha kucheka.

"Nani?"

Sikio alitazama kidole chake kilichovimba. "Mlikuwa mnacheka. Na mfuko ulimshonea."

"Mrefu?" Mkewe alimkodolea macho. "Nilikuwa nacheka kwa sababu alinisimulia unavyoongea na magari. Eti uliiambia pikapu ya muuza mbao, 'mama, vumilia, nakuchoma sindano moja tu.' Nilicheka, halafu nikaona wivu. Nikasema moyoni, kumbe anaongea! Anaongea na pikapu!"

Sikio aliingiza mkono mfukoni atoe ile beringi amwonyeshe na aungame uongo wote siku hiyo hiyo. Mfuko ulikuwa mtupu. Uzito wa chuma ulikuwa umetoboa mshono, na beringi ikaangukia mguuni kwa ndani ya ovaroli, ikatokea chini kwenye pindo la suruali na kubingirika sakafuni, kimya kabisa.

Mkewe aliiokota, akaizungusha. Alikuwa mke wa fundi.

"Hii ni nzima," alisema.

"Ni nzima."

"Na ulimwambia nini Mrefu?"

"Kwamba imeoza."

"Basi kesho utamwambia."

Kesho yake alilipiga jeki gari mbele ya kila mtu, upande wa kushoto. Dada wa spea alikuwa amekuja mapema kuliko siku zote. Sikio alizungusha gurudumu kwa mkono mmoja na kuweka kiganja kwenye springi, na kiganja kikapata kile ambacho sikio halikumpa, mkwaruzo wa mchanga ndani ya chuma. Akamwita Mrefu. Mrefu akaanza kulizunguka gari.

"Njoo huku huku tu," Sikio alisema. Kisha akaelewa mguu ule ulikuwa unaelekea wapi, na kwa nini kila siku ulielekea huko. "Umejua tangu lini?"

Mrefu alisogea mkono wa kulia kama kawaida yake. "Tangu ile siku jeki liliteleza, nikakupigia kelele utoke. Nilikuwa kushoto kwako. Ukaendelea kukaza nati."

"Mke wangu ulimwambia?"

"Hilo lilikuwa lako kumwambia, si langu."

Sikio akamwekea beringi nzima kiganjani, kwenye kile kiganja chenye kucha nyeupe. "Jana nilikudanganya. Jina ni lako. Rangi ya kibao nitanunua mimi."

"Mimi niitwe Sikio?" Mrefu alishtuka. "Mama mkwe wangu hunipigia simu kila siku kuomba kitu. Nikishapewa jina hilo nitajitetea vipi kwamba sikusikia? Baki nalo, kaka."

Dada wa spea alicheka mpaka akaketi. Sikio naye alicheka, ingawa moyoni mwiba haukuwa umetoka wote. Ilimuuma kwamba mtu huyu alikuwa mwema namna ile, na kwamba wema wenyewe ulikuwa umemzunguka mwaka mzima huku yeye akiutukana.

Jioni alipeleka ovaroli yake kwa mkewe. Mkewe aliiingiza chini ya sindano ya cherehani, akakagua tundu la mfuko.

"Uzi gani?"

"Ule wa samawati."

"Unataka mfuko kama wa Mrefu?"

"Mkubwa zaidi," Sikio alisema.

Mkewe alimtazama, akatikisa kichwa, akachagua uzi. Sikio alivuta kigoda, akakiweka kushoto kwa mkewe, ili mkewe awe kulia kwake. Cherehani ikaanza kwenda, na mkewe akaanza kusimulia: duka la sketi, meno ya mtoto wa jirani, daktari wa masikio waliyeelekezwa, halafu jinsi Mrefu alivyosimama vizuri alipokuwa anapimwa kifua, bila kutikisika, si kama watu wengine.

Sikio alisikia kila neno.

"Mimi nikisimama natikisika?" aliuliza.

"Simama nikupime," mkewe alisema.

Akasimama, akanyooka kama nguzo, akabana pumzi.